Feza ya kumpeleka mtoto Linafoot

Safari hii sanduku la barua limejaa mpira wa miguu, na sababu inajulikana. Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Leopards waliitoa Nigeria kwa penalti, na Chancel Mbemba ndiye aliyepiga ile ya mwisho. Toka usiku ule kila mtoto wa machimbo anataka viatu vya mpira, na kila mzazi anaulizwa maswali ambayo hana jibu lake.

Barua moja inatoka kwa mama wa upande wa Mubi, teritware ya Walikale. Ni ndefu, naifupisha. Mtoto wake ana miaka 16. Aliacha masomo, anabeba mizigo kwenye njia ya Njingala, na jioni anacheza mpira kwenye tereni ya kijiji, mguu wa kushoto, mwenye mbio. Akaja mtu mmoja amevaa maridadi, na mfuko wa karatasi mkononi. Anasema ametumwa na ekipe kubwa ya Lubumbashi kuchagua vijana wa kucheza Linafoot. Kila mzazi alete dola 150: za jaribio, za lisansi na za nusu tiketi ya ndege. Mama anaandika: “Baba yake anasema mupira ni muchezo ya watu wenye kushiba. Mutoto analia. Miye niko na mbuzi ine. Niuzishe ao niache?”

Mama, usiuzishe mbuzi. Hilo ndilo jibu, na ningeweza kufunga ukurasa hapa. Lakini barua kama hii zimetoka pia Rubaya, Nyabiondo na hata Pinga, kila moja na mtu wake mwenye mfuko wa karatasi. Basi afazali tueleze namna Linafoot inavyokwenda, ili mzazi aweze kujibu mwenyewe siku yule mtu atakaporudi. Maana atarudi.

Linafoot ni ligi ya taifa, shampiona ya kwanza ya wanaume katika Kongo yetu. Chini yake kuna ngazi. Ekipe ya kartie ao ya kijiji inacheza katika entente ya mahali. Zenye kushinda zinapanda katika ligi ya jimbo, ile tunayoiita LIFNOKI hapa Kivu ya Kaskazini. Kisha zinapigania nafasi ya kuingia kwenye mashindano ya taifa. Mfumo wa juu umebadilika mara nyingi mpaka hata wapenzi wa mpira wanachanganyikiwa. Katika miaka ya 2010 kulikuwa zone tatu, ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kati-Kusini, na wakubwa wa kila zone walikutana mwishoni. Msimu wa 2018-2019 wote waliwekwa katika kundi moja. Msimu wa 2023-2024 yakarudi makundi, safari hii mawili, na nane bora wakacheza play-off. Mazembe wakachukua kombe.

Kwa nini kubadilisha kila mara? Shauri ya ndege. Nchi yetu ni kubwa, na kutoka Goma mpaka Lubumbashi, ao Kindu mpaka Kinshasa, hakuna barabara ya kupeleka ekipe Jumamosi na kuirudisha Jumatatu. Wachezaji, makocha na mganga wote wanapanda ndege, wanalala otele, wanakula. Mechi moja ya ugenini inakula feza kuliko tiketi zote za mlangoni. Zone zilitungwa ili ekipe zisafiri karibu. Na hata hivyo haikutosha: msimu wa 2019-2020 ulikatishwa na ugonjwa wa Covid, Mazembe wakatangazwa mabingwa bila kumaliza, na msimu wa 2022-2023 nao ulisimamishwa mbele ya kufika mwisho wake.

Sasa tuulize: nani analipa zile ndege? Hapa ndipo sisi watu wa machimbo tunapaswa kutega masikio.

Mpira wa Kongo ulizaliwa sehemu mbili: kwenye misioni na kwenye migodi. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na wamonaki Wabenedikto waliosimamia shule. Jina la kwanza lilikuwa la mtakatifu, Saint-Georges. Baadaye ikachukua jina la Englebert, maguruduma ya motokari, na mwaka 1966 iliposhinda shampiona bila kupigwa hata mara moja ikajipa sifa ya Tout Puissant. Mwaka 1967 na 1968 ilikuwa bingwa wa Afrika. Kinshasa nako Padri Raphaël de la Kethulle, yule Tata Raphaël ambaye stade inabeba jina lake, ndiye aliyeanzisha Daring mwaka 1936, ile tunayoiita leo Motema Pembe. Wazee watakumbuka kwamba kwenye stade ileile Mohamed Ali alimwangusha Foreman mwaka 1974.

Baada ya mapadri zikaja feza za madini. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi, mji wa almasi, ilichukua shampiona mwaka 1983, wakati MIBA ilikuwa bado na nguvu. Kampuni ilipolegea, ekipe nayo ikalegea. Mazembe imesimama tena toka 1997 chini ya Moïse Katumbi, na wote tunajua matunda: mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, waliipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia. Nani amesahau Kidiaba akirukaruka kwa makalio? Siku nne baadaye Inter ya Milano iliwafunga 3-0, lakini furaha haikupungua. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ekipe yenye kutegemea mfuko wa mtu mmoja ni kama shimo lisilotiwa miti ya kushikilia udongo. Inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, mpaka siku moja.

Na madini yetu je? Shirika la Umoja wa Mataifa limeandika kwamba coltan ya Rubaya, hapo Masisi, ni karibu sehemu 15 kwa mia ya tantale ya dunia nzima. Mgodi wa bati wa Bisie, Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024. Lakini angalia tereni ambapo watoto wetu wanachezea. Masisi ni milima. Ukipata mahali palipo sawa, ng'ombe wako hapo ao watu wamepanda viazi. Mpira ukitoka upande wa chini, mchezo unasimama robo saa mtoto akiufuata bondeni. Walikale ni mvua na matope, na mara nyingi magoli ni miti miwili ya porini. Majina ya jimbo letu yaliyoonekana katika ligi ya juu ni ya mijini: Virunga na Dauphins Noirs za Goma, Nyuki ya Butembo. Feza ya jiwe inapita juu ya kichwa cha tereni kama ile ndege ya zamani iliyokuwa ikitua barabarani Kilambo: inashuka, inapakia, inakwenda.

Tusiseme lakini kwamba Mashariki haiwezi. Maniema Union ya Kindu, mji usio na utajiri wa Lubumbashi, ilifika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, ikacheza na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR. Hao ni watu wa karibu nasi, wenye kusema Kiswahili kama sisi.

Kisha kuna vita, na siwezi kuandika juu ya mpira kana kwamba haikuwepo. Rubaya ilichukuliwa mwisho wa Aprili 2024. Masisi-centre ikaanguka mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi uleule, na tarehe 19 Machi 2025 ikawa zamu ya Walikale-centre, ambayo waasi waliiacha mwanzo wa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Ekipe yenye kuishi kwa ndege, bila ndege, itacheza na nani? Stade de l'Unité, ambako tulizoea kwenda kuona mechi, mwezi wa Februari 2025 ilijaa watu kwa mkutano wa wale waliochukua mji.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Kuna nchi moja ndogo ya visiwa, mbali kule Karibi, inaitwa Haiti. Wazee waliosoma sekondari katika miaka ya 1960 wanaikumbuka, maana walimu wengi wa Haiti walikuja kufundisha Kongo baada ya uhuru. Haiti na sisi, tuliokuwa Zaire, tulikuwa pamoja kwenye Kombe la Dunia la 1974 Ujerumani, na wote wawili tulirudi bila ushindi hata mmoja. Miaka ya karibuni makundi yenye silaha yameshika sehemu kubwa ya mji mkuu wao Port-au-Prince, hata stade yao kubwa, Sylvio Cator. Shampiona yao ya kwanza imekatikakatika, klabu zimebaki bila pa kuchezea. Ekipe ya taifa ilikuwa ikicheza mechi za “nyumbani” katika kisiwa cha Curaçao. Na hivyohivyo, tarehe 18 Novemba 2025, siku mbili tu baada ya ile penalti ya Mbemba, Haiti ilipata nafasi ya Kombe la Dunia, mara ya kwanza toka 1974. Lakini chunguza wachezaji wale: wengi wanacheza Ulaya na Amerika, na wengine walizaliwa hukohuko. Mtoto aliyebaki Port-au-Prince bila ligi, bila klabu yenye kumwandika, yeye hakuna anayemwona. Ligi ikifa, njia ya mtoto maskini ndiyo inayokufa kwanza. Ya tajiri inapata pengine pa kupitia.

Sasa turudi kwa mtu mwenye mfuko wa karatasi.

Kuandikisha mchezaji kwenye shirikisho, FECOFA, ni kazi ya klabu. Mzazi halipi lisansi. Klabu ya Linafoot ikimtaka kijana kweli, inaandika barua kwa ekipe yake, yenye muhuri na sahihi, na yenyewe inalipa safari, kwa sababu inaona faida yake. Mtu akikuomba wewe ulipe ili mtoto wako aende kufanya kazi kwa mwingine, jiulize kazi hiyo ni ya nani. Kuna pia watu wanaoitwa maajenti. Toka tarehe 1 Oktoba 2023 FIFA inataka kila ajenti awe na lisansi yake, na kuipata ni lazima kufanya mtihani. Majina yao yanaonekana kwenye orodha ya FIFA. Mtu yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuitafuta, hata mwalimu wa shule. Ajenti wa kweli anapata sehemu yake kutoka katika mshahara wa mchezaji, mkataba ukiisha kutiwa sahihi. Hapokei mbuzi mbele ya safari. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, hawezi kufanya lolote bila ruhusa ya maandishi ya mzazi.

Wengine hawasemi Lubumbashi, wanasema Ulaya, Dubai, Kampala. Hapo sheria ni kali zaidi. FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 toka nchi moja mpaka nyingine. Kuna ruhusa chache: wazazi wakihama kwa sababu zao zisizohusu mpira, ao mtoto anayekaa karibu na mpaka, si zaidi ya kilometa 50, akacheza katika klabu iliyo karibu na mpaka ule upande wa pili, huku akiendelea kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakikubali. Basi mtu akisema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ubelgiji kucheza, anasema uongo, ao atampeleka kwa njia ambayo mtoto hatapata karatasi. Tumesikia habari za vijana walioachwa kwenye miji ya kigeni, bila pasiporti, wakiona haya kurudi nyumbani.

Na msikubali mtu abadilishe mwaka wa kuzaliwa. Ni dawa ya haraka, kila mtu anaijua, “tumupunguzie miaka mitatu, atapita.” Siku karatasi mbili zikipingana, klabu inampoteza mchezaji na kijana anapoteza kila kitu, hata cheti chake cha shule hakina maana tena.

Papa wa nyumba ile, anayesema mpira ni mchezo wa watu wenye kushiba, naye hakukosa kabisa. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika la 1974, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi hivyo katika mashindano moja. Alikuwa pia katika Vita Club iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Mwaka 1994, baada ya kupewa heshima huko Tunisia, watu wenye silaha walimshambulia nyumbani, wakifikiri amerudi na feza nyingi. Walimpiga risasi. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko maisha ya mkimbizi, akafa Johannesburg mwezi wa Januari 2019. Huyo alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake. Sisemi ili kuvunja moyo. Lakini kijana wa miaka 16 anayebeba mizigo ya machimbo, kazi ambayo sheria yenyewe haimruhusu mbele ya miaka 18, na aliyeacha darasa, akiumia goti atabaki na nini? Mazembe wenyewe, katika akademi yao, watoto wanasoma masomo na mpira pamoja. Kama ekipe tajiri inaona daftari ni ya lazima, sisi tunaliacha kwa nini?

Upande mwingine kuna mtu aliyefanikiwa kwa kupitia ligi hii hii, na anasema Kiswahili. Mbwana Samatta, Mtanzania, alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 akaingia Mazembe. Alicheza Lubumbashi miaka mitano, akashinda Ligi ya Mabingwa 2015 na kuchaguliwa mchezaji bora wa wale wanaocheza Afrika, na mwaka 2016 Genk ya Ubelgiji ikamnunua. Linafoot ilikuwa mlango wake. Aliingia kwa mkataba, toka klabu mpaka klabu, akiwa mtu mzima.

Jambo la mwisho ni la makomite ya ekipe zetu ndogo, na sioni likizungumzwa kwenye mikutano. Mchezaji akiuzwa toka nchi moja kwenda nyingine, sheria ya FIFA inaondoa 5 kwa mia ya bei na kuigawanya kati ya klabu zote zilizomlea toka mwaka wake wa 12 mpaka wa 23. Miaka ya 12 mpaka 15, kila msimu ni robo ya moja kwa mia. Kuanzia 16 mpaka 23, kila msimu ni nusu ya moja kwa mia. Tufanye hesabu. Kijana anauzwa Ulaya kwa dola 1,000,000. Ekipe ya Nyabiondo iliyomlea misimu minne, toka 12 mpaka 15, haki yake ni moja kwa mia, yaani dola 10,000. Hiyo ni tereni iliyosawazishwa na mipira ya miaka mingi. Toka mwisho wa 2022 FIFA imeweka ofisi yake yenyewe ya kupitisha feza hizi, ili zisipotee njiani.

Lakini feza hiyo haitafuti mtu. Inakwenda kwa klabu iliyo ndani ya entente na iliyoandikisha mchezaji kwa jina lake. Ekipe zetu nyingi zinacheza miaka kumi bila karatasi hata moja; mtoto anaondoka, mji unamwandika upya kana kwamba alizaliwa pale, na kijiji hakidai kitu.

Basi makomite, nunueni daftari lenye kifuniko kigumu. Kwa kila mtoto andikeni jina lote kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, jina la mzazi, siku aliyoanza na siku aliyoondoka, na alikokwenda. Sekretere na prezida watie sahihi kila mwisho wa msimu, na orodha ipelekwe kwenye entente ipigwe muhuri. Watu wa Masisi walikimbia mara ngapi 2024 na 2025 bila kubeba hata sufuria? Basi daftari lisikae nyumba moja. Pigeni fotokopi tatu: moja kwa sekretere, moja kwa mzazi, na ya tatu kwa mtu wa ekipe anayekaa mjini. Na nyinyi mnaokaa kambini, bila entente karibu, piga kila ukurasa picha kwa simu na kuituma kwa watu wawili. Muhuri mtautafuta baadaye.